Baiskeli Niliyoipima Mara Mbili

Jumatano, Gihundwe. Mvua ya tangu alfajiri, ile isiyo na haraka ya kwenda popote. Ziwa halionekani, Bukavu haionekani, hata paa la jirani naliona kwa shida. Nimefunga duka mapema nikakaa kuandika, kwa sababu haya nikiyasema kwa mdomo nitalia, na leo nimeshalia ya kutosha.

Wale mnaopita hapa kutafuta habari za mishono na vitambaa mnisamehe. Leo sina habari za mishono.

Naandika juu ya baiskeli.

Mjini Kamembe wananijua kama fundi wa sare za shule. Wachache wanajua kwamba nilizaliwa ng'ambo ya mpaka, Bukavu, na kwamba baba yangu alikuwa fundi wa baiskeli. Hakuwa na mtoto wa kiume, basi mimi ndiye niliyekuwa nikimkabidhi spana. Nilijua kunyoosha rimu kabla sijajua kutunga uzi kwenye sindano. Wateja walikuwa wakija kununua baiskeli za mtumba, baba anawaambia wangoje kwanza msichana azungushe. Nilizunguka mtaa, nikarudi, nikasema hii ndiyo au hii hapana, na baba hakunibishia. Nadhani hakuna kazi niliyoifanya tangu wakati huo ambayo watu waliamini neno langu namna ile. Hata sare zangu wanazipima upya mbele yangu.

Binti yangu Aimée ana miaka kumi na minane. Ndiye anayepeleka sare mashuleni, na baiskeli anayotumia ni ile nyeusi nzito ya nyumbani, ambayo ukiinyanyua mgongo unajua. Pamoja na uzito huo, kwenye mlima wa kutoka daraja la mpakani la Rusizi II kupanda mjini anawapita wanaume wanaobeba abiria kwa baiskeli. Hizi si sifa za mama. Wanaume wenyewe walikuja dukani kunilalamikia, nusu utani, kwamba mtoto wangu anawaharibia jina mbele ya wateja.

Timu moja ya wasichana, huko kaskazini, inafanya majaribio Jumamosi hii. Sharti lao ni kila msichana afike na baiskeli yake ya mbio. Wakikuchukua watakupa nyingine nzuri zaidi, lakini siku ya kwanza uje na yako. Mwaka kesho Aimée atakuwa amevuka umri wanaoutaka. Kwa hiyo ni Jumamosi hii, au basi.

Baiskeli ya mbio utaipata wapi hapa Rusizi? Baiskeli zetu ni za kubeba ndizi, magunia ya mihogo, makreti, na wanawake wenye watoto mgongoni. Niliuliza kanisani, sokoni, kwa wachuuzi wenzangu wa vitambaa wanaovuka kila siku. Mmoja wao ndiye aliyeniambia juu ya mama mjane wa Kadutu, huko Bukavu, ambaye mume wake alikuwa anashindana zamani, na baiskeli ya marehemu bado ameining'iniza ndani ya nyumba.

Nilivuka wiki iliyopita kwenda kuiona. Mama yule aliishusha kutoka kwenye boriti ikiwa imefungwa shuka. Alikuwa anaipaka mawese mara kwa mara isile kutu, kwa hiyo mnyororo ulikuwa mwekundu na nyumba yote ilinukia jikoni. Nilicheka moyoni. Halafu nikaiona vizuri na nikaacha kucheka.

Ilikuwa ya chuma, ya bluu iliyofifia, ya zamani kunizidi mimi mwenyewe labda. Vijiti viwili vya gia vilikuwa kwenye bomba la chini, si kwenye usukani. Kiti cha ngozi kilikuwa kimekauka lakini hakijapasuka. Niliipiga mabomba kwa kucha, moja moja, kama baba alivyonifundisha. Bomba nene la baiskeli ya mzigo linatoa sauti ya sufuria iliyojaa. Haya yalilia juu, safi, kila moja na sauti yake, na hapo nikajua ni chuma chembamba, cha watu waliojua wanafanya nini. Nilitoa uzi wangu wa kushonea, nikaufunga nyuma kwenye mhimili wa gurudumu, nikauzungusha mbele kwenye shingo ya usukani na kurudi upande wa pili. Pande zote mbili uzi ulikuwa mbali na bomba la kiti sawasawa. Fremu ilikuwa haijawahi kuanguka, au ilianguka kwa adabu.

Halafu nikaomba kuiendesha. Nilikuwa nimevaa suruali ya Aimée ndani ya kitenge, kwa sababu nilijua nitaomba. Nilivua kitenge nikamwachia mama yule akishike, nikaingia barabarani. Watu walicheka, mwanamke wa umri wangu ameinama namna ile, makalio juu. Waache wacheke.

Sijui niseme vipi. Baiskeli nyingine unaisukuma, inafikiri, halafu inakwenda. Hii haikufikiri. Nilikanyaga na tayari nilikuwa pale nilipotaka. Kwenye mashimo ilikubali kupinda kidogo na kurudi, haikunipiga mikono. Nilipofika mahali tambarare niliachia usukani, kipimo cha mwisho cha baba, na ikaenda mbele moja kwa moja bila kuvuta kushoto wala kulia. Breki zilikuwa hafifu na tairi la nyuma limepasuka pasuka, lakini hayo ni mambo ya kununua. Nilirudi kwa mama yule nikamwambia bei yake ni ya haki. Nilipaswa kujadiliana, najua. Nilishindwa.

Ili kuipata niliuza mashine yangu ya pili, ile ya kudarizi. Ndiyo iliyokuwa inaandika majina ya shule kwenye mifuko ya sare. Sasa majina nayashona kwa mkono. Nilisema ni sawa, ni kwa muda.

Siku ile ya kuivusha darajani niliisukuma kwa mkono muda wote, sikuthubutu hata kuipanda. Aimée alikuja kunipokea upande wa huku. Aliiinua kwa mkono mmoja, akaishusha, akaiinua tena. Halafu akainama akainusa akaniuliza kwa nini inanuka wali wa sikukuu. Nilikuwa na furaha. Naliandika hili kwa sababu jioni hii naanza kulisahau.

Jana nilivuka tena kununua kitambaa. Niliporudi jioni nilikuta mume wangu amesimama mlangoni, ameoga, amevaa shati la kanisani. Papa Aimée ni mtu mpole. Ni mwashi, na kama waashi wengi hazungumzi sana, anaonyesha. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba.

Sikuielewa mara moja. Niliona baiskeli ya kijani, rangi ya geti letu, na kwa sekunde nzima nilijiuliza jirani gani ameiacha pale.

Mnaosoma kutoka mbali labda hamjui desturi yetu. Hapa mtu akinunua baiskeli mpya, haipandi kwanza. Anaipeleka kwa fundi wa kuchomelea. Fundi anaongeza vyuma kwenye uma wa mbele unaoshika gurudumu, pande zote mbili, anaweka mhimili katikati ya mabomba, anachomelea sehemu ya kubebea mzigo ambayo haitang'oka hata ukiweka mikungu ya ndizi mpaka juu ya kichwa. Bila hivyo baiskeli ya dukani haimalizi mwaka kwenye milima hii. Ni kama kumpeleka mtoto chanjo. Mzazi asiyefanya hivyo ndiye anayeulizwa.

Mume wangu alifanya hivyo. Nondo alizileta mwenyewe kutoka kwenye jengo wanalojenga, alichagua zilizonyooka, akaomba ruhusa kwa msimamizi. Alikaa kwa fundi siku nzima, siku ambayo hakulipwa. Nondo mbili kwenye uma. Moja kutoka shingoni hadi chini ya kiti. Kikalio cha nyuma cha mzigo, kwa sababu, alisema, msafiri hakosi begi.

"Maman Aimée, angalia," aliniambia. "Ilikuwa nyembamba sana. Mi niliogopa juu ya mutoto. Sasa iko nguvu."

Nilimwambia nimechoka, nitaiangalia asubuhi.

Hilo ndilo nililoweza. Mtu amekesha moyoni kwa woga wa binti yake, ametumia siku yake na nguvu zake, amevaa shati la kanisani kuja kunionyesha. Ungemwambia nini? Miezi michache iliyopita ndiye aliyemwinua barabarani kijana wa jirani ambaye uma wake ulikatika kwenye mteremko. Alirudi nyumbani na damu ya mtu mwingine kwenye mikono na hakula. Najua alichokuwa anakiona kila alipoyatazama yale mabomba membamba. Kama ningemwambia mapema kwamba wembamba ule ndio uzima wake, asingeigusa. Sikumwambia. Haikunipitia akilini kwamba kuna mtu anaweza kuitazama baiskeli ile asione nilichokiona mimi.

Basi leo asubuhi, ndani ya manyunyu, nimeipima mara ya pili.

Nimeanza na kucha. Bomba la juu bado linalia kidogo. La chini limenyamaza. Uma umenyamaza kabisa, unatoa sauti ya kijiko kwenye uji. Nimefunga uzi kama mara ya kwanza, na upande wa kushoto umelala karibu na bomba kuliko wa kulia, karibu upana wa kidole. Moto wa kuchomelea umeivuta fremu nzima upande mmoja. Chini ya rangi ya kijani, pale nondo inapokutana na bomba la chini, kidole gumba kimepata tundu. Chuma kimeyeyuka. Fundi yule amezoea bomba nene, ameweka moto wa bomba nene. Simlaumu. Kwake ile ilikuwa baiskeli kama nyingine.

Nimeipanda hata hivyo. Usiniulize kwa nini. Nadhani nilitaka iniambie kwamba nimekosea.

Nimeshuka nayo kuelekea Rusizi II, taratibu, nikikanyaga na kusikiliza. Haikuwa mbaya kwa namna ambayo mtu yeyote angeigundua. Ilikuwa nzito tu, na ngumu, kila jiwe likinigonga viganja. Nilipoachia usukani ikavuta kushoto papo hapo. Nilipofunga breki kwenye kona ya kwanza nikasikia sauti ndogo mbele, tik, mara moja. Nikashuka. Nikaipindua magurudumu juu pale pale kando ya barabara, na wanawake waliokuwa wanakwenda mpakani na vikapu wakanipita wakiniuliza kama nimeanguka. Nikasema hapana. Nilikwaruza rangi kwa ukucha kwenye uma, juu kidogo ya nondo. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Rangi yenyewe ya jana ilikuwa imepasuka juu yake.

Imekufa.

Nimepanda mlima wote nikiisukuma. Njia nzima nilikuwa natafuta namna. Kubadilisha uma? Uma wa aina ile hauko hapa, na hata ungekuwepo, lile tundu bado liko kwenye bomba la chini. Kukata nondo zote na kuinyoosha? Ufa hautaondoka kwa kuondoa nondo. Magurudumu ni mazima, lakini ni membamba na hayaingii kwenye baiskeli yoyote ya huku. Baba yangu angeifuta mikono kwa kitambaa, na mteja angeelewa.

Nyumbani nilikuta mgeni. Ni Papa Siméon, mtu wa Giheke anayeleta ndizi zake mjini kila siku ya soko. Namfahamu kwa sura, mkewe hushonesha kwangu nguo za watoto. Jana alipita kwa fundi wa kuchomelea akaiona baiskeli yetu ikimaliziwa, na usiku hakulala vizuri, hivyo ndivyo alivyosema. Alikuwa amekuja kuinunua.

Aliizunguka. Aliikalia. Aliruka ruka juu ya kikalio cha mzigo kwa makalio yake yote, na mimi nilifumba macho. Halafu akataja bei. Ilikuwa juu ya ile niliyomlipa mama wa Kadutu, na si juu kidogo. Mume wangu alinitazama kwa fahari ambayo sijamwona nayo tangu siku aliyomaliza kujenga nyumba hii. Kwake ilikuwa wazi kabisa: kazi yake imeongeza thamani. Na kwa macho ya kila mtu kati ya hapa na Giheke, ni kweli imeongeza. Ukiweka baiskeli ile sokoni leo, na ile ya wiki iliyopita kando yake, watu wote wataikimbilia hii ya kijani.

"Hii njo kinga," Papa Siméon alisema akiipigapiga nondo; kwetu kinga ndiyo baiskeli. "Ile ya kwanza ilikuwa ya kuchezea."

Kwa bei ile ningerudisha mashine yangu ya kudarizi na kitu kikabaki. Nitakuwa mkweli, maana ndiyo sababu ya kuandika: nilinyamaza. Nilinyamaza kwa muda ambao mtu mwema hanyamazi. Nilihesabu majina ya shule ambayo nisingeyashona tena kwa mkono. Nilijiambia huenda ufa haujafika ndani, huenda ni rangi tu, huenda yeye hushuka polepole. Kutoka Giheke hadi mjini kuna miteremko ambayo hata ukitembea kwa miguu unajishika.

Nikamwambia haiuzwi. Alidhani nataka aongeze, akaongeza. Nikamwambia tena haiuzwi, kwamba uma una ufa. Akainama akatazama, hakuona kitu, akacheka, akasema hata mke wake ana ufa na bado anabeba. Nikamwambia aende salama. Aliondoka amekasirika, na kesho Giheke yote itajua kwamba fundi wa sare ana kiburi.

Mume wangu alingoja mpaka geti likafungwa. Hakupaza sauti, hapazi. Aliniuliza kama ni kweli au ni bei. Ndipo nikamwonyesha. Nilichukua mkono wake nikaweka kidole chake kwenye tundu chini ya rangi. Nikamwonyesha uzi. Nikamwonyesha ufa. Nilimweleza kwamba chuma kile kilikuwa na nguvu pamoja na wembamba wake, kwamba moto ndio uliokiua, si mtu. Niliirudia ile ya "si mtu". Yeye hujenga, anajua ufa ni nini. Aliutazama muda mrefu akiupapasa kwa ncha ya kidole kama anavyopapasa ukuta.

Halafu akakaa kwenye kizingiti cha jikoni na kutazama mikono yake. Nina hasira, na kila ninapotafuta wa kumpelekea nakuta mtu anayempenda binti yangu. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Sikujua kwamba Aimée alikuwa amesimama dirishani. Alisikia kila kitu, na bei aliisikia pia. Alitoka nje, na mimi nilijiandaa kwa kilio, au kwa maneno ambayo mtoto humwambia baba yake halafu hayafutiki. Jana jioni alikuwa ameizunguka ile ya kijani bila kusema neno, nilidhani hajaelewa. Kumbe alikuwa ameelewa kabla yangu na amekaa kimya kwa ajili ya baba yake.

Alisema ataenda nayo Jumamosi hivyo hivyo, atashuka milima polepole. Nikasema hapana. Hakubisha. Akasema jambo jingine, na alilisema kwa upole, kama mtu mkubwa anayemwonea mwingine huruma.

"Basi umuuzishe Papa Siméon, Maman. Urudishe mashine yako."

"Papa Siméon iko na batoto," nikamjibu.

Aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Akaingia ndani, akachukua mfuko wa sare zilizokuwa tayari, akapanda ile baiskeli nyeusi akaondoka kwenye mvua. Sikumwambia avae koti. Nilijua nikifungua mdomo nitalia mbele yake, na leo haikuwa zamu yangu kulia mbele yake.

Baiskeli ile haiwezi kukaa. Hilo nililiona wazi nilipobaki peke yangu uani. Nikiiacha nyuma ya nyumba, siku moja mtu ataikopa kwenda sokoni. Papa Siméon atarudi nisipokuwepo. Au Aimée ataichukua Jumamosi alfajiri, kwa sababu ni binti yangu, na mimi katika umri wake ningeichukua. Hakuna kufuli linaloweza kubishana na baiskeli nzuri kwa macho.

Nilitoa magurudumu. Nilitoa kiti, mnyororo, vijiti vya gia. Nilivifunga kwenye shuka lile lile la mjane, sijui kwa ajili ya nani. Halafu nikaleta msumeno wa chuma kutoka kwenye sanduku la mume wangu. Nikailaza fremu kwenye benchi la kufulia, nikaanza na uma.

Fremu tupu haitulii. Kila nikivuta msumeno inaruka na kugeuka. Niliibana kwa goti, ikanichubua. Nikajaribu kuikalia. Nilikuwa nalia sasa, naam, na pua inatiririka, na manyunyu, na meno ya msumeno yanateleza juu ya rangi ya geti letu bila kuingia. Hata kuiharibu nilikuwa nashindwa.

Papa Aimée alinyanyuka kutoka kizingitini. Nilidhani anakuja kuninyang'anya msumeno, na sijui ningefanya nini. Alikuja akasimama upande wa pili wa benchi. Aliitazama fremu, hakunitazama mimi.

"Nikamate wapi?" aliniuliza.

Nikamwonyesha. Aliikamata kwa mikono yote miwili, kwenye zile nondo alizozichagua mwenyewe, akaegemea kwa uzito wake wote. Haikuruka tena. Nilikata uma, nikakata bomba la chini, nikakata la juu, na yeye hakulegeza mkono mpaka vipande vilipoanguka. Halafu akafagia vumbi la chuma, kwa sababu watoto wa jirani hupita pale peku.

Aimée hajarudi. Mvua bado ipo. Papa Aimée amelala akiangalia ukuta, na shati la kanisani limetundikwa mlangoni.

Kesho nitaamka kushona majina ya shule kwa mkono, herufi moja moja. Hilo nalijua. Jumamosi ndiyo sijui. Mtu anamwambia nini binti yake asubuhi ya siku kama ile, chai ikiwa mezani?